Jogoo Asiye na Mkia

Wewe uliyeshika kitabu hiki, weka kikombe cha chai chini nikutegee. Ninalo tusi: nikitukanwa nyumbani nacheka mpaka mbavu zinauma, lakini likivuka mlango linaniua. Ni nini hilo?

Fikiri, sina haraka.

Umeshindwa? Kwa desturi ungenipa mji, nami ningetaja nilivyokula na kunywa katika mji huo. Basi bakia na mji wako. Mji nilioutaka mimi ulikuwa mmoja tu, na ulinipita. Jibu lake ni utani. Sisemi utani wa vijana vijiweni. Nasema utani wenyewe, wa Mngindo na Mngoni, ule ambao mtani anakuja msibani analizuia jeneza njiani, anamtukana marehemu na waliomzaa, na nyinyi wafiwa mnapangusa machozi huku mnacheka. Ukizaliwa ndani yake hufundishwi. Ukizaliwa nje yake, unaweza kukaa nao nyumba moja mwaka mzima usijue kinachosemwa. Leodegar alizaliwa nje yake. Kwao Kibosho, alikuja kuniambia baadaye, msibani hakuchekwi.

Tulikaa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Baba yangu, Mzee Nassibu, alikuwa fundi magodoro. Yeye alichambua sufi na kushindilia, mimi nilishona foronya na magunia ya godoro kwa cherehani ya miguu. Darasa la saba nilikuwa nimelimaliza zamani. Nywele zangu hazikukosa sufi siku hata moja, na shangazi yangu Sabaha alikuwa akisema nimeota mvi kabla ya kuolewa.

Leodegar alikuja kwetu na daftari, penseli sikioni. Chuo Kikuu kilikuwa kimewatuma wanafunzi wa historia wakusanye habari za wazee waliohamia mjini zamani, na babu yangu, Mzee Uwesu, alikuwa ametoka Liwale kwa miguu tangu enzi za Mjerumani. Kijana alikuja Ijumaa moja, akaja na ya pili. Ya tatu haikungoja Ijumaa. Babu hakuwa mjinga.

"Huyu mgeni wenu wa Kichaga," alimwambia baba, "maswali ananiuliza mimi, majibu anayatafuta usoni kwa Zamda."

Nisikuchoshe. Tulipendana, na mapenzi yetu yalikuwa ya kupeana glasi ya maji na kuchelewa kuiachia. Leodegar akaandika barua ya posa. Alikuwa amekubali kusilimu, na mama yake, Mama Clotilda, kule mgombani hakuwa amejua bado. Barua ikakaa kwenye sanduku la baba wiki mbili.

"Mchaga!" Shangazi Sabaha alikuwa akilia kila asubuhi, akipepeta mchele. "Mkristo tena! Kule kwao baridi, mwanangu, utajifunika majani ya migomba."

"Atasilimu, shangazi."

"Atasilimu hapa. Akifika kwa mama yake atasilimu tena upande wa pili."

Baba hakusema ndiyo, hakusema hapana. Siku Leodegar alipoleta mwaliko wa semina ya historia, baba aliushika ule mwaliko uliopigwa chapa jina lake, akausoma kidole kikitembea chini ya maneno. Halafu akasema, "Kijana nimemwona kwangu, anakula kwa adabu. Nataka nimwone kwake. Kwake ni huko chuoni. Nikirudi, nitajibu barua."

Umesikia? Maisha yangu yote yaliwekwa juu ya Jumamosi moja.

Ilikuwa mwezi wa nne, masika ya mwaka sabini na nne, mvua inanyesha na kukatika. Chuo kilituma basi dogo likatuchukua Mnazi Mmoja, wazee kama kumi na wawili waliohojiwa. Baba alivaa kanzu iliyopigwa pasi mara mbili na koti jeusi. Pembeni yake alikaa mtani wetu Ignasi, Mngoni wa Peramiho, aliyekuwa kuli bandarini, mkubwa wa umbo na sauti. Mimi nilivaa gauni la maua, mtandio, na raizoni, viatu vya soli nene, za rafiki yangu Sophia, ndefu mno, nikitembea kama mtu anayevuka matope.

"Nassibu," Ignasi alisema basi likipanda mlima, "wakikuuliza una shahada gani, waambie ya kushindilia pamba."

"Na wewe waambie una ya kubeba wenzako magunia."

"Mimi nilibeba gunia moja tu zito maishani. Baba yako, siku namzika."

Wakacheka wote wawili. Babu alikuwa amefariki mwezi wa kwanza, na kidonda kilikuwa kibichi. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakikipuliza.

Chuo kilikuwa kizuri. Majani yamekatwa kama kichwa cha mtoto wa shule, miti imeoshwa na mvua, na wasichana wa umri wangu wanapita na vitabu vifuani. Leodegar alitupokea mlangoni kwa shati jeupe. Alimwamkia baba kwa kuinama, "Shikamoo, mzee," na macho yake yakanifikia mimi kidogo tu, yakarudi haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Moyo wangu ukafurahi. Nilidhani ni haya ya posa.

Tukapewa chai kabla ya kikao. Wasichana wawili wanafunzi wakanijia, mmoja akanisemesha Kiingereza. Neno nililolishika ni moja, la kuuliza. Nikabaki natabasamu na kikombe mkononi. Leodegar akafika.

"Anauliza unasoma nini," aliniambia taratibu. Kisha akawageukia wale. "Huyu ni mmoja wa watoa habari wangu, kutoka Kariakoo."

"Ooh," msichana akasema, akaniangalia kuanzia mtandio mpaka raizoni. "Karibu, dada."

Walipoondoka nikamwuliza, "Mtoa habari ndiye nani?"

"Ni... ndivyo tunavyowaita watu wanaotusaidia katika utafiti."

"Mimi nimekusaidia utafiti?"

"Zamda, si hapa." Akatazama nyuma. "Baba yako akijibu barua, nitakutaja kwa jina lako mbele ya chuo kizima."

Nikanywa chai. Ilikuwa na sukari nyingi, lakini sikuihisi.

Ukumbini tulikaa safu ya mbele, wazee waliwekewa viti vyenye mito. Mhadhiri wao, Mwalimu Theophil, Mnyamwezi mwembamba mwenye miwani, alisema leo kikao ni cha Kiswahili kwa heshima ya wageni. Akaita wanafunzi mmoja mmoja. Wa tatu akawa Leodegar.

Alisimama mbele ya kipaza sauti, akasoma habari za Kariakoo ya zamani: nyumba za udongo, visima, watu wa kusini walivyokuja mjini. Sauti yake ilikuwa nzuri. Nilimwona baba anaanza kulegea kwenye kiti. Aliposikia "marehemu Mzee Uwesu wa Mtaa wa Sikukuu," baba alinigusa kiwiko, kama anasema: umemsikia babu yako anatajwa chuoni?

Leodegar akaendelea: "Mzee Uwesu mwenyewe alidai kwamba alikuja mjini kuuza nta. Hata hivyo, habari tulizokusanya siku ya mazishi zinaonyesha kwamba alikuwa mtumwa. Alinunuliwa utotoni na ukoo wa Wangoni kwa vibaba viwili vya mtama, na jogoo mmoja asiye na mkia. Hili lilithibitishwa na mtu wa nyumba ya marehemu."

Mkono wa baba ulikuwa bado kwenye kiwiko changu. Nilisikia unapoa.

 Kicheko kikalipuka upande wangu wa pili. Alikuwa Ignasi. Alicheka akapiga goti, akasimama.

"Jamani! Maneno yangu ya kaburini yamepanda mlima!"

Mwalimu Theophil alivua miwani akafuta macho. "Ndugu Leodegar," alisema, "Mngoni anamlilia mtani wake Mngindo, na wewe unaandika?"

Ukumbi mzima ukacheka. Wale wasichana wawili wakacheka, wakafunika midomo kwa vitabu. Leodegar alisimama pale na karatasi zake, hajui nini kinachochekwa. 

"Ule ni utani," Mwalimu akamweleza, sasa bila kucheka. "Kila Mngindo aliyekufa alinunuliwa na Mngoni, na kila Mngoni aliyekufa aliiba kuku wa Mngindo. Hukujua?"

"Sikujua, Mwalimu."

"Haya, hukujua. Ndiyo maana tunafundishwa kuuliza mara mbili. Umeandika kuna mtu wa nyumba hiyo alithibitisha."

"Halafu," Ignasi akadakia, "vibaba viwili ni vyangu, sivikatai. Lakini huyo jogoo simjui! Jogoo asiye na mkia katoka wapi?"

Kicheko kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza. Baba peke yake hakucheka. Aliinuka polepole, akashika mgongo wa kiti.

"Kijana," alisema, "nami nataka kujua. Nani wa nyumba yangu alikuambia baba yangu alinunuliwa kwa jogoo?"

Sasa nikuambie jogoo alitoka wapi.

Siku ya mazishi, baada ya Ignasi kulala chini mbele ya jeneza na kutangaza kwamba hamwachii mtumwa wake mpaka apewe kuku, mimi nilikuwa uani na akina mama tunaosha masinia. Leodegar akaja na daftari lake, uso umemkauka, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Zamda, ni kweli babu yako alinunuliwa kwa vibaba viwili vya mtama?" Ignasi alikuwa ameegemea ukuta pale, nikadhani anasikia, kumbe alikwisha kuondoka. Neno la mtani halikataliwi, linatiwa chumvi. Ukilikataa, umeshindwa. Nikapaza sauti, "Kweli tupu! Na mtama haukutosha, wakaongeza jogoo asiye na mkia!" Akina mama wakaangua kicheko, Mama Tatu akadondosha sinia. Leodegar akaandika. Nilimwona akiandika, nikadhani na yeye anacheza.

Basi pale ukumbini, baba amesimama, Mwalimu anangoja, Leodegar akaniangalia. Ni mara moja tu. Macho hayo nayajua mpaka leo. Hayakuniomba wala kunilaumu. Yaliniuliza tu: niseme, au utasema?

Nami nikatazama raizoni za Sophia.

"Sema," Mwalimu Theophil alisema. "Katika kazi hii kila habari ina mwenyewe. Alikuwa nani?"

"Hakuna, Mwalimu," Leodegar akasema. "Jogoo nilimtunga mimi."

Hakuna aliyecheka tena. Mimi wa darasa la saba, hata mimi nilielewa. Kwa mwanafunzi wa historia, kutunga ni kama fundi kujaza godoro kwa takataka na kuapa ni sufi.

"Keti," Mwalimu akamwambia. "Tutaonana ofisini."

Mvua ilikuwa imeanza tena. Tukasimama kwenye baraza refu la chuo kungoja basi. Leodegar alikuja na mwavuli, hakuufungua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nisamehe, mzee. Sikukusudia kumvunjia heshima babu."

Baba alikuwa mtu wa sauti ya chini, na siku ile ilishuka zaidi. "Ignasi alimtukana baba yangu mbele ya watu mia. Unajua kwa nini sikukasirika?"

"Kwa sababu ni mtani, mzee."

"Kwa sababu baada ya kumtukana alishika jembe. Kaburi lile alilichimba yeye, na maiti aliingia nayo yeye. Amelipa. Wewe ulichimba nini?"

Leodegar akautazama mwavuli mkononi mwake.

"Mimi nimetoka kwangu na kanzu safi kuja kukuona kwako. Nimekuona. Umemtungia uongo mtu asiyeweza kurudi kujibu. Nitakupaje aliye hai?" Akatoa leso, akapangusa mvua usoni, au kitu kingine. "Barua yako njoo uichukue."

"Nassibu," Ignasi akasema, na mara hii hakutania, "kijana ni mgeni wa mambo yetu. Mwache."

"Wewe umenichekea vya kutosha leo."

Basi likaja. Nilipokuwa napanda, Leodegar alinishikia mlango. Hakuna aliyeona.

"Kwa nini ulinyamaza?" aliniuliza.

Mlango ukafungwa.

Siku tatu baba alichambua sufi mpaka ukumbi ukajaa vumbi jeupe. Shangazi Sabaha, aliyekuwa akiomba posa ivunjike, sasa ikawa imevunjika na hakuipenda.

"Kula, mwanangu. Wanaume wako wengi."

"Sina njaa, shangazi."

"Nilisema Mchaga, sikusema mwongo. Yule kijana hakuonekana mwongo." Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Wewe unaficha nini?"

"Nifiche nini?"

"Basi. Ukimaliza kuficha, chakula kipo."

Kila usiku nilijiambia: kesho asubuhi nitamwambia baba ni mimi. Kila asubuhi nilimkuta ameinama juu ya godoro, nikashika cherehani. Naye kila nilipofungua mdomo aliinua kichwa, kana kwamba anajua kuna neno linakuja, na mimi nikauliza kama atakunywa chai.

Jumanne, saa za adhuhuri, nikasikia hodi ya mlango wa nyuma. Baba alikuwa mbele kwenye baraza na wateja. Alisikia pia. Akaingia ndani, akatoka na bahasha, akanipa bila kunitazama.

"Mpe mwenyewe. Kisha urudi, kuna foronya mbili za watu wa Mchafukoge."

Leodegar alikuwa amesimama uani, pale pale nilipooshea masinia. Shati lilikuwa lile lile jeupe, sasa limekunjamana. Nilimkaribisha kigoda, akakataa.

"Umekonda," nikasema.

"Siku tatu tu, Zamda."

"Umekonda."

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Wamefuta kazi yangu yote. Daftari zote tatu. Mwalimu anasema akishapata jogoo mmoja wa kutunga, hawezi kujua kuku wangapi ni wa kweli. Nitarudia mwaka, wakinikubalia."

"Nitakwenda mimi kwa Mwalimu. Nitamwambia."

"Utamwambia nini? Kwamba nilisema uongo mbele yake nilipodai nimetunga? Nitakuwa mwongo mara mbili."

"Basi nitamwambia baba. Leo. Sasa hivi."

"Hilo ni lako na baba yako." Aliishika bahasha kwa ncha za vidole, kama inachafua. "Babu yako aliniambia kwa mdomo wake kwamba alikuja kuuza nta. Aliniambia mpaka rangi ya mfuko. Baadaye nikadhani alinificha kwa aibu. Kwa sababu wewe, siku ya mazishi, ulisema kweli tupu. Neno lako nililiweka juu ya lake. Hilo ndilo kosa langu, na nimelikubali."

"Nilikuwa natania, Leodegar. Walikuwepo watu. Nilidhani Ignasi anasikiliza."

"Najua sasa. Simlaumu aliyetania." Akakaribia. Nilisikia harufu ya sabuni yake, ile niliyoizoea kwa miezi minane. Mkono wake uliinuka, ukanitoa sufi kwenye nywele, ukabaki hewani haujui uende wapi. "Kuna jambo moja linaninyima usingizi. Nilikuangalia pale ukumbini. Ungesema 'ni mimi,' watu wangecheka zaidi kidogo, baba yako angekugombeza, na kesho yake tungecheka sote. Uliniona nazama. Nilikuuliza mlangoni pa basi hukunijibu. Nijibu sasa niondoke. Ulimwogopa baba?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa amenishikia mlango wa kutokea, kama kwenye basi. Ningesema ndiyo, angenisamehe, na labda angerudi tena mwaka ukigeuka na barua nyingine. Mtaani muuza mafuta ya taa alikuwa anapita anagonga debe. Ndani, baba, aliyekuwa amerudi kazini, alikuwa ameacha kushindilia. Nilijua ameacha kwa sababu mwiko wake, ule mti wa kupigia sufi, haukusikika tena.

"Nijibu, Zamda."

"Sikumwogopa baba," nikasema. "Walipoanza kukucheka wewe, badala yetu sisi watoa habari, nilifurahi."